Chumba Kidogo, Usiku Mkubwa

Mwezi huu natoka kidogo sebuleni na jikoni, nakupeleka hotelini. Usianze kucheka. Najua ukisikia neno hoteli katika jarida la mapenzi akili yako inakimbilia kulekule. Leo tunazungumza habari za pesa zako, usingizi wako na huyo uliyepanga kulala naye chumba kimoja huko ugenini.

Mambo yamebadilika bwana. Enzi za wazazi wetu watu wakioana, fungate ilikuwa ni kujifungia ndani siku saba huku mashangazi wakipeleka chai, basi. Leo kaka yuko benki, dada yuko kampuni ya simu, kila mwaka ukitimia wanataka mtoko. Na wakitoka hawataki tena ile hoteli ya ghorofa kumi yenye zulia la bluu na vyumba mia mbili vinavyofanana kama mayai kwenye trei. Wanataka ile ndogo ya vyumba kumi au kumi na tano, kila chumba na rangi yake, kitanda cha samadari, taa za shaba, vidaka ukutani, mawaridi juu ya shuka. Na wanataka ukifungua mlango tu, mji uwe unachemka. Kwa sisi wa Dar jibu la haraka ni Unguja, Mji Mkongwe, upande wa Shangani na Forodhani. Boti inakuchukua asubuhi, saa mbili hazijaisha umeshuka bandarini Malindi, na picha zimeshapigwa kabla begi halijafunguliwa.

Shughuli inaanza giza likiingia.

Nimepata barua ya dada mmoja wa Tabata, ameomba nisimtaje jina. Ameolewa mwaka wa nne, ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Yeye na mumewe walijichanga miezi mitano ili wapate siku mbili za peke yao, na fungu lake yeye lilitoka kwenye zamu yake ya upatu pale kazini. Mtoto wakamwacha kwa bibi yake. Mume ndiye aliyechagua hoteli, kwa kutazama picha kwenye simu, Shangani, Ijumaa na Jumamosi. Sasa msome mwenyewe:

"Dada mhariri, mume wangu si mtu mbaya, hanipigi wala hanitukani. Lakini saa saba usiku muziki wa baa ya chini unatikisa glasi ya maji juu ya kimeza. Mimi sijalala usiku mzima tangu nijifungue, nalia. Yeye ameshavaa viatu, anasema twende tukacheze, si ndicho kilichotuleta? Nikamwambia nenda. Akaenda kweli. Akarudi saa kumi. Tangu siku ile tunaongea vizuri tu, lakini kuna kitu kimekaa katikati yetu. Hivi mimi ndiye nisiyejua raha, au yeye ndiye asiyenijali?"

Nimeisoma barua hii mara tatu. Dada yangu, ningekuwa karibu ningekupikia chai tukae. Mumeo alinunua usiku wa mjini. Wewe ulinunua usingizi. Mlilipa risiti moja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake anataka nini. Na hoteli ile, kwa jinsi ulivyonieleza, haikuwadanganya. Hoteli za aina ile tangu mwanzo hazikutengenezwa kwa ajili ya kulala, na hili watu wengi hawalijui.

Hoteli iliyozaliwa disko

Tunaziita hoteli za butiki, jina lilelile la maduka ya nguo tunayoyajua: duka dogo, nguo chache, mwenye duka ana jicho. Huko Uingereza, mwaka 1978, Anouska Hempel alifungua Blakes jijini London, nyumba ndogo iliyopambwa kwa ladha yake mwenyewe. Lakini waliolifanya wazo hili litambe ni Wamarekani wawili, Ian Schrager na Steve Rubell, na hawa jamaa hawakutokea chuo cha hoteli. Walikuwa wenye disko! Mwaka 1977 walifungua Studio 54 kule New York, ule ukumbi ambao mtu maarufu akikosa kuonekana pale basi umaarufu wake unatiliwa shaka. Wakakwepa kodi, wakafungwa, na walipotoka jela wakageukia hoteli. Mwaka 1984 wakafungua Morgans katika mtaa wa Madison Avenue, na nje hawakuweka hata kibao cha jina. Ukiijua unaijua, usipoijua pita zako. Hiyo ni akili ya mlangoni mwa disko kabisa.

Rubell alifariki mwaka 1989. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Paramount, hatua chache kutoka Times Square, katikati ya kumbi za michezo ya kuigiza, na mapambo yake alipewa Mfaransa Philippe Starck. Sikiliza sasa. Vyumba vya Paramount vilikuwa vidogo mno. Kilichokuwa kikubwa ni ukumbi wa chini, wenye ngazi pana kama ya jukwaani, ukishuka kila aliyekaa kwenye sofa anakutazama. Umeuona ujanja huo? Mwenye disko anajua kwamba watu hawatoi pesa kwa sababu ya ukubwa wa kiti. Wanatoa pesa ili wawe pale, waonekane pale, wakutane na watu wa pale. Kwa hiyo chumbani akabana, chini akaachia.

Tangu hapo hoteli hizi zimesambaa dunia nzima, na mara nyingi zinatafuta mitaa ileile: karibu na baa, karibu na muziki, karibu na watu. Ukiona chumba kidogo na bei kubwa, ujue hiyo bei ina mtaa ndani yake. Asiyeutaka mtaa anaulipia bure.

Unguja nayo ikapata wa kwake. Mwaka 1989 alifika Mmarekani mmoja kutoka New York, Emerson Skeen, akaupenda mji, akabaki hadi alipofariki mwaka 2014. Miaka ya 1990 yeye na mwenzake Thomas Green walilifufua jumba moja la kale mtaa wa Hurumzi na kulifanya hoteli, kila chumba na sura yake, chakula cha usiku kinaliwa juu ya paa, wageni wamekaa chini kwenye mazulia na mito huku jua linazama juu ya mabati ya mji mzima. Kabla ya hapo, wengi waliotembelea Unguja walikuwa wanaupita mji mbio wakiwahi fukwe. Leo hoteli ndogo za mtindo huo utazikuta Shangani, Kiponda, Malindi na kwingineko, nyingine nzuri kupita kiasi, nyingine ni rangi ya udongo tu imepakwa juu ya ukuta wenye unyevu.

Usimlaumu mwenye hoteli, laumu mkoko

Nimesikia watu wakirudi Unguja wananung'unika: chumba chembamba kama behewa la treni! Ni kweli. Lakini hapo hakuna wa kumlaumu, labda mti wenyewe. Majumba mengi ya Mji Mkongwe ni ya karne ya 19, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ukiizidisha inalegea, kwa hiyo upana wa chumba unaishia kama mita tatu hivi. Fundi alikuwa na uhuru wa kurefusha chumba atakavyo. Kukipanua hakuweza. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, na kitanda cha samadari kikishaingia mnabaki mnapishana kwa zamu. Kwa wapenzi wapya si shida hata kidogo. Kwa waliooana miaka minne wenye mabegi matatu, ni vizuri kujua mapema.

Kuta nazo zina habari yake. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, ndiyo maana mchana ndani kuna ubaridi hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Muziki haupenyi ukuta kama ule. Unaingia dirishani. Madirisha mengi ya kale ni ya mbao, yana nafasi za kupitisha upepo, na panapopita upepo sauti nayo inapita. Halafu chini kuna uchochoro wa upana wa punda na mzigo wake, kuta mbili ndefu zimetazamana. Mtu akicheka pale chini, kicheko kinapanda juu kama moshi kwenye bomba. Kwa hiyo hoteli moja, usiku mmoja, chumba cha upande wa mtaa kinaweza kuwa jukwaani na chumba cha upande wa uani kikawa kimya kama msikiti baada ya Isha. Bei yao inaweza kuwa sawasawa!

Dada wa Tabata, huenda umeelewa sasa kwamba usingizi wako ulikuwepo katika jumba lilelile, mlango wa pili, na hakuna aliyeuulizia.

Nawashauri watu wapige simu. Picha za kwenye intaneti hazina sauti. Ongea na mtu wa mapokezi kwa Kiswahili chako kizuri, anza na salamu, Zanzibar salamu ni nusu ya biashara, kisha muulize dirisha la chumba linatazama wapi na chini yake kuna nini. Muulize Ijumaa na Jumamosi muziki wa jirani unazimwa saa ngapi. Atakuambia ukweli, maana hataki ugomvi wa saa saba usiku na yeye. Muulize jenereta liko upande gani, na pampu ya kupandisha maji kwenye simtangi la juu inawashwa saa ngapi, kwa sababu chumba cha uani kinakimbia muziki na kukutana na pampu alfajiri. Muulize ngazi. Nyumba hizi aghalabu hazina lifti na ngazi zake ni za mbao, zimesimama wima. Mjamzito au mwenye goti bovu aombe ghorofa ya kwanza, hata kama mandhari nzuri iko ya nne. Na kabla hujakata simu, muulize bei ya wakazi. Hoteli nyingi zina bei yake kwa wageni wa nje, na mtu mwenye kitambulisho cha Mtanzania anaweza kupunguziwa akiuliza. Asipouliza, nani atamkumbusha?

Wale ambao hamjafunga ndoa, nanyi niwaambie bila kuzunguka. Unguja ni mji wa Kiislamu, wapo wenye nyumba ndogo za wageni wasiopenda kupokea wapenzi ambao hawajaoana. Kaulizeni kwenye simu, msingoje kuaibishwa mapokezini na mabegi mkononi. Kadhalika si kila hoteli inauza pombe, nyingine mwenye nyumba hataki kabisa, na ni haki yake.

Usiku wenyewe

Nisije nikaonekana naupiga vita usiku wa Shangani. Mimi naupenda sana. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kulingana na mwezi. Wakati huo vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani Forodhani, mmoja baada ya mwingine, wanashindana kuruka, na watu wamejaa wanashangilia. Bustani ile ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Giza likiingia taa zinawashwa, moshi unapanda, wapishi wanakuita kila mmoja kwa jina alilokupa yeye. Kuna mishikaki, urojo, pizza ya Zanzibar inayokaangwa kwenye chuma bapa na kukunjwa kama bahasha, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla ya kuchukua. Na pweza aliyekaa hapo mezani tangu Magharibi mwache alivyo, chukua kinachotoka motoni unakiona.

Nyuma yako hapo ndipo lilipo Beit el Ajaib, la mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo. Ubavuni mwake ni Ngome Kongwe. Humu ndani ndimo tamasha la filamu la ZIFF lilimofanya makazi tangu miaka ya 1990, na humo ndimo Sauti za Busara ilimoanzia Februari 2004. Mwaka 2016 tamasha hilo la muziki lilikosa pesa, halikufanyika, na mji ulijiona mpweke ajabu. Ukipanga kwenda Februari, angalia kwanza tarehe za tamasha. Mpenda muziki atawahi chumba miezi kabla. Anayetaka utulivu akiingia wiki ile bila kujua, hata chumba cha uani hakitamsaidia sana.

Kutoka hapo unapita Barabara ya Kenyatta, unaingia Shangani kwenyewe, kwenye baa na migahawa ya ufukweni. Kuna hata uwanja unaoitwa Kelele, Serena imeutazama. Jina lenyewe linajieleza, mtu akilalamika kwamba alikosa utulivu karibu na Kelele namuonea huruma kidogo tu.

Lakini usiku si disko peke yake, na hapa ndipo naona wapenzi wengi wanapopishana. Wanadhani kuna njia mbili: ama kwenda kuruka hadi saa kumi ama kulala saa tatu. Katikati kuna taarab. Mji huu umempa dunia Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, na Bi Kidude, aliyetuacha mwaka 2013. Nadi Ikhwan Safaa ina historia tangu mwaka 1905, Culture Musical Club nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uliza mapokezini kama kuna onyesho siku hiyo. Mnakaa, mnasikiliza fidla na kanuni, mama wa mbele ananyanyuka kwenda kutunza, mumeo anakunong'oneza maana ya fumbo ambalo wewe umeshalielewa zamani. Saa nne na nusu mko chumbani. Hapo mpenda muziki amepata wake, na mwenye usingizi anao bado usiku mzima mbele.

Mwezi wa Ramadhani mambo ni mengine kabisa. Mchana migahawa mingi imefungwa, muziki umenyamaza, watu wanavaa na kutembea kwa staha zaidi. Baada ya futari vichochoro vinajaa watoto, kahawa na tende hadi usiku mkubwa. Wapo wanaokwepa kwenda Unguja mwezi huo. Binafsi naona ndio mwezi ambao mtu anayetaka kukaa na mwenzake kimyakimya angeufikiria, mradi aheshimu mfungo wa wenyeji na asile hadharani.

Mazungumzo kabla ya malipo

Sasa turudi kwa wenye chumba. Najua mazungumzo yanavyokuwa, maana nimeyasikia mara nyingi.

"Mume wangu, Unguja unataka tukafanye nini?"

"Aah, tukafurahi tu."

Hapo mama anatabasamu, simu inatolewa, malipo yanafanyika. Jamani! Kufurahi ni nini? Kwa mmoja kufurahi ni kulala hadi saa nne bila mtoto kumvuta nywele. Kwa mwingine ni kuvaa shati jipya na kucheza mpaka lilowe jasho, kitu ambacho hajakifanya tangu awe baba. Yote mawili ni halali. Lakini mwanamke anayetaka usingizi anaona aibu kusema, anaogopa ataambiwa amezeeka. Mwanaume naye anaona aibu kusema amezimiss siku za kucheza na mkewe, anaogopa ataambiwa hajakua. Wapo wanawake wengi tu ambao wao ndio wenye viatu miguuni saa saba usiku, na baba wa watu anakoroma, kwa hiyo akina kaka msidhani nawasema ninyi peke yenu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kila mmoja aseme kitu kimoja ambacho akikikosa ataona pesa zake zimepotea. Kimoja tu. Nataka kulala. Nataka kucheza usiku mmoja. Nataka kula pweza nimetazama bahari. Hapo ndipo mnatafuta hoteli, na mtashangaa mara ngapi ile hoteli ya kwenye picha inaondoka yenyewe kwenye orodha.

Mkishindana, basi gawanyeni siku. Watu wengi wanaanza na mji halafu wanamalizia ufukweni, Nungwi, Paje au Jambiani. Mimi napinga utaratibu huo. Mmefika mmechoka na kazi, mmechoka na mtoto, halafu usiku wa kwanza mnajitupa Shangani? Anzeni ufukweni, laleni siku mbili, muamke mmekumbuka kwamba mnapendana. Usiku wa mwisho ndio muingie mjini, mna nguvu, mna hamu ya watu, na boti ya kurudi iko hatua chache tu. Usiku mmoja wa hoteli ya kupendeza unatosha, na mfuko wenu utashukuru kwa sababu ndio usiku ulio ghali kuliko yote.

Lipo jambo jingine ambalo mama zetu watanisuta kwalo. Naona hakuna ubaya mmoja akaenda kucheza saa mbili tatu na mwingine akalala, mradi mmekubaliana mezani wakati wa chakula, mnajua anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, simu ina chaji, na kwenye vichochoro hatembei peke yake na pochi kubwa. Ndoa nyingi zingepumua kwa utaratibu huo. Kilichomuumiza dada yetu wa Tabata, kwa maoni yangu, si kwamba mume alicheza. Ni kwamba alisema "nenda" akiwa na maana ya "baki", na mume akasikia neno akaacha machozi. Dada, mwambie hivyo. Usimwambie alikuacha. Mwambie ulipotamka nenda ulitaka abaki, na kwamba ulitumia pesa yako ya upatu kutafuta usiku mmoja wa kulala umeegemea bega lake. Halafu nyamaza umsikilize na yeye, maana nina hakika naye ana la kusema kuhusu usiku ule na jinsi alivyocheza peke yake katikati ya watalii. Siamini kama alifurahi sana. Saa kumi ni muda mrefu wa kuzunguka na kinywaji kimoja.

Na upande wa gharama, msisubiri miezi mitano mingine. Machi hadi Mei ni masika, mvua inanyesha kweli na hoteli nyingine hufunga kabisa, lakini zinazobaki wazi hushusha bei. Mvua inayopiga mabati ya Mji Mkongwe usiku inafunika muziki wowote wa baa.

Jambo moja la pembeni, halafu nawaachia. Mtaa huo mnaouita kiwanja cha starehe ni nyumbani kwa watu. Mzee aliyekaa barazani chini ya dirisha lenu hakulipia muziki, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza anataka chumba cha upande gani. Familia nyingi zimehama, nyumba zao zimekuwa hoteli na maduka, na waliobaki wanaamka alfajiri kwenda kazini na kupeleka watoto chuoni kama sisi wa Tabata na Sinza. Mkirudi saa saba na vicheko vyenu, vueni viatu kwenye ngazi. Mchana dada asipite kwenye vichochoro na nguo ya ufukweni. Hayo hayapunguzi raha hata chembe.

Kisha amkeni mapema siku ya kuondoka, hata aliyecheza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Shangani ni mji mwingine. Viti vya baa vimepinduliwa juu ya meza, paka wamejaa, wafagiaji wanamalizia kazi, kuna harufu ya mahamri kutoka uchochoro usioujua. Tembeeni hadi Jaws Corner, kwenye makutano yenye mabaraza ambapo wazee wanabishana siasa na mpira juu ya vikombe vidogo vya kahawa. Amkieni kwanza, ndipo mkae. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na bei yake ni ya wenyeji. Hapo hakuna muziki wa kushindana nao, mnaweza kuongea. Boti haiondoki hadi baadaye, na mabegi mmeyaacha mapokezini.

Mwezi ujao nina barua ya kaka mmoja wa Mwanza ambaye mama mkwe amekuja kusalimia wiki mbili na sasa ni mwezi wa tano. Mwenye ushauri aniandikie mapema, nafasi ni ndogo.